Seaspray Kisiwani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Roboti wa Baharini Asiyejulikana

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila roboti huyu wa kuchezea anapotolewa kidakani, yaani kwenye kishubaka cha ukutani: barazani, kwenye boti la Mokowe, na kwa jamaa wa Malindi wanaopiga simu usiku. Yameanza na ya mgeni kabisa, yakaishia kwa yule ambaye kichezeo kiko mkononi mwake na kina kasoro. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine halikurudiwa; utaelekezwa liliko.

## Kwa anayeanza

Ami, huyu ni nani? Sisi twamjua Optimus Prime na Bumblebee tu.

Huyu ni Seaspray, mmoja wa Transformers, vichezeo vya roboti wanaogeuka magari na vyombo. Ni Autobot mdogo, yaani wa upande wa wema, anayegeuka chombo cha baharini. Alitoka 1985, mwaka wa pili wa Transformers, katika kundi la roboti wadogo waitwao Minibots. Alitoka pamoja na Beachcomber, Cosmos, Powerglide na Warpath. Kazi aliyopewa na waliomtunga ni ulinzi wa baharini. Kwenye katuni alisema kwa sauti ya mtu anayesukutua maji kooni, na aliyemtilia sauti hiyo ni mwigizaji wa Marekani, Alan Oppenheimer.

Kipindi kilichokuwa chake hasa ni kimoja, cha 1985. Anafika sayari yenye watu wa majini, anampenda binti aitwaye Alana, kisha anaingia kidimbwi cha ajabu kinachomvua chuma na kumvika mwili kama wa watu wa huko. Ukivua hizo roboti, kisa hiki bibi yeyote wa Mkomani angeweza kukusimulia baada ya isha. Baada ya hapo Seaspray anarudi nyuma ya wakubwa, anaonekana bahari inapohitajika, na bahari haikuhitajika mara nyingi.

Transformers wenyewe walitoka wapi?

Jina lilianza Marekani 1984 chini ya kampuni ya Hasbro, lakini vichezeo vyenyewe vilikuwa vya Takara ya Japani, vikiuzwa huko tangu awali kwa majina ya Diaclone na Microman. Hasbro walivichukua, wakavipa pande mbili za vita, Autobot na Decepticon, na hadithi. Majina na wasifu wa wengi wa mwanzo viliandikwa na Bob Budiansky wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni. Takara iliungana na Tomy 2006, ndiyo maana kwenye maboksi mapya utaona Takara Tomy.

Ni cha mtoto au cha mtu mzima?

Kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto. Cha 1985 kilichobaki hadi leo ni cha mtu mzima, kwa sababu plastiki yake imezeeka na kipande kikivunjika hakuna duka la kukirudishia. Mtoto mnunulie toleo jipya (tazama swali la matoleo), na akiwa chini ya miaka mitatu usimpe lolote: vipande vidogo huingia kooni.

Kwa nini kuhangaika kumtathmini roboti ambaye hakuna amjuaye?

Kwa sababu ndiye anayekuacha useme kweli. Ukimshika Optimus Prime, nusu ya hukumu yako imeshatolewa na utoto wako: unakumbuka video ya kukodi, unakumbuka ndugu aliyekuwa nacho akakunyima, na kiungo kibovu unakisamehe kabla hujakigusa. Seaspray hana wakili wa aina hiyo. Unabaki na plastiki, skrubu, rangi, na maumbo mawili ambayo ama yanakubali ama hayakubali.

Lipo na jambo la pili. Roboti maarufu hutengenezwa upya kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo akiharibiwa leo atatengezwa kesho. Asiyejulikana hupata zamu yake mara moja kwa miaka mingi, na aliyemchora huwa ama amefanya kwa mapenzi ama amefanya kwa kuondokea. Hiyo tofauti huonekana, hasa mgongoni na chini ya miguu, mahali ambapo picha ya boksi haifiki. Mimi huanzia huko.

Mbona hutoi alama kwa kumi?

Alama kwa kumi inamfaa mwalimu wa hesabu. Nikisema saba, wewe wa Malindi utadhani ni saba ya viungo, na yule wa Langoni atadhani ni saba ya sura. Ninachoandika ni kama umbo la chombo linasadikika, kama roboti anasimama bila kushikiliwa, na kama safari ya kutoka huku kwenda kule inafurahisha mkono. Kichezeo kikishinda katika hilo la mwisho, mengine huyavumilia.

## Chombo chenyewe

Ni boti ya aina gani hii? Haina tanga, haina mkuku.

Ni hovakrafti: chombo kinachopuliza hewa chini yake, kikainuka juu ya hewa hiyo, kisha kikaenda juu ya maji, tope au mchanga bila kuzama ndani yake. Kilichothibitisha kwamba jambo hili lawezekana ni kazi ya Mwingereza Christopher Cockerell. Chombo chake cha majaribio, SR.N1, kilivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1959. Baadaye vikaja vikubwa vya SR.N4, vilivyobeba watu na magari yao kwenye njia hiyo hiyo kuanzia 1968 hadi 2000.

Kwa mtoto wa 1985, basi, hovakrafti ilikuwa ni chombo cha kisasa kilichokuwa kikifanya kazi kweli. Kwetu huku, ambako kivuko ni boti la mashine au mashua, inabidi ueleze kwanza.

Mbona pangaboi ziko juu, si ndani ya maji?

Hili huulizwa na kila mvuvi, na ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Hovakrafti haigusi maji, kwa hiyo pangaboi lililozama lingekuwa nanga. Husukumwa na hewa, kama ndege: pangaboi mbili kubwa husimama upande wa tezi na kusukuma upepo kwenda nyuma. Seaspray anazo mbili, na kwa mtathmini hizo ndizo roho ya chombo. Ziangalie kwanza. Zinazunguka kwa kidole? Zimekaa sawa, au moja imeinama? Je, zikishakuwa sehemu ya roboti zinaonekana zina kazi, au zimebaki zikining'inia kama mzigo uliosahaulika?

Mafundi wa vyombo wanasemaje wakikiona?

Hapa ndipo Lamu inapomshinda mtathmini wa mji mwingine. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, ukimpa kichezeo chochote cha baharini hakitazami usoni. Anakigeuza tumbo juu. Aliyekishika hiki alipitisha ukucha kwenye kila mwungano wa plastiki, kutoka omo hadi tezi, akitafuta mahali ubavu mmoja ulipozidi mwingine. Kisha akafunga jicho moja akakitazama kwa mbele, namna ile wanayoangalia chombo kikiwa bado mataruma. Kushoto na kulia vililingana, akaridhika. Rangi hakuitaja.

Malalamiko yake yalikuwa ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. "Hiki kusi kitakichukua," alisema, na bila kujua alikuwa ametaja udhaifu wa kweli wa hovakrafti: kwa kuwa haina kitu kilichozama majini, upepo wa ubavuni huisukuma kando na nahodha lazima aelekeze omo mahali pengine ili afike anakokwenda. Mchoraji wa kichezeo hakukosea kukifanya bapa. Chombo chenyewe ndivyo kilivyo.

Nimechukua kutoka kwa mafundi hawa desturi moja katika tathmini zangu zote: mwungano kwanza, rangi mwisho. Kichezeo cha kugeuka ni chombo kilichokatwa vipande kikaambiwa kifungamane tena, na mahali vipande vinapokutana ndipo mtengenezaji anapokuwa mkweli au mwongo. Ukiona ufa unaopitisha kadi ya simu, umbo hilo halikufikiriwa mpaka mwisho, hata kama roboti wake ni mzuri wa kupigwa picha.

Je, kinaelea?

Usikijaribu. Plastiki ngumu inayotumika sana kwenye vichezeo hivi, ABS, ina uzito wa takriban gramu 1.05 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Maji ya bahari ni kama 1.025 na maji baridi, yasiyo na chumvi, ni 1. Maana yake kipande kizima cha ABS huzama kote kuwili. Kinachoweza kukielesha ni hewa iliyonaswa ndani, na hewa hiyo hutoka kupitia matundu ya skrubu na mianya ya viungo, maji yakachukua nafasi yake. Kichezeo kinakuja juu dakika moja, kisha kinaanza kuinama. Wakati huo chumvi imeshaingia mahali ambapo huwezi kuifuta (tazama sehemu ya hewa ya chumvi).

Ndiyo, ni kinyume cha mambo kwamba mlinzi wa bahari hawezi kuogelea. Wapwa zangu wameshalisema hilo kwa kunichoka.

## Kugeuza

Ni kugumu kumgeuza?

Wa 1985 hana ugumu: unavuta, unakunja, amesimama. Minibots walikuwa vichezeo vya bei ya chini kuliko vyote kwenye safu, vinaenea kiganjani, na hatua zao ni chache kiasi kwamba karatasi ya maelekezo unaitazama mara moja tu. Matoleo ya baadaye yana hatua zaidi na viungo zaidi.

Kuna wanaodhani hatua nyingi ni ubora. Sikubaliani nao. Hatua nyingi ni ubora ikiwa kila moja inakushangaza au inaficha kitu. Zikiwa ni za kusukumana vibao vya plastiki ili mgongo ufunike mkono, basi ni kazi. Seaspray wa zamani ana heshima ya kitu kisichojifanya kingine.

Mbona mikono yake haiendi popote?

Kwa sababu ni ya 1985. Roboti wa kundi lake hawana viwiko wala magoti ya kuzungumzia. Usimhukumu kwa vipimo vya roboti wa leo mwenye viungo vya kila upande. Mlinganishe na wa rika lake. Powerglide anayegeuka ndege na Warpath anayegeuka kifaru wana upungufu huo huo.

Viungo vyake vimelegea, anaanguka. Nifanyeje?

Ikiwa kiungo ni cha tufe na kikombe, kitoe taratibu, paka tufe rangi ya kucha isiyo na rangi, safu moja nyembamba, acha ikauke kabisa usiku kucha kisha rudisha. Safu moja ikipungua, ongeza ya pili siku nyingine. Ikiwa kiungo kimeshikiliwa na skrubu, kaza kwa bisibisi inayolingana, robo mzunguko tu, kisha jaribu. Plastiki ya miaka ya 80 hupasuka kwenye tundu la skrubu, na ufa wa hapo hauna dawa.

Na vikikaza sana?

Usilazimishe. Pasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, plastiki ilegee, ndipo ugeuze. Ukihitaji kilainisho tumia mafuta ya silikoni. Mafuta ya cherehani, ambayo kila nyumba yanayo, yaache kwa cherehani. Mafuta yatokanayo na petroli, kama hayo, yanaweza kuidhoofisha plastiki.

## Toleo gani la kununua

Kuna Seaspray wangapi?

Wanaotajwa zaidi ni wanne. Wa kwanza ni wa 1985, wa buluu, nyeupe na njano. Wa pili ni kalibu ile ile iliyorudishwa miaka ya 90, enzi za Generation 2, ikiwa imepakwa mng'aro wa chuma. Wa tatu ni wa 2010, mkubwa, wa saizi iitwayo Voyager. Wa nne ni mdogo wa saizi ya Legends, wa safu ya Titans Return ya 2017, mwenye nafasi ya kukalisha vijiroboti vidogo vya safu hiyo.

Ukiniuliza wa kuwekwa nyumbani mwa mtu wa pwani, nitakwambia wa 2017. Anashikika, hana thamani ya kukukosesha usingizi, na anamheshimu yule wa zamani bila kurithi ulegevu wake. Wa 2010 ni wa mwenye nafasi. Wa mng'aro ni mzuri wa kutazama tu, na kwa hewa yetu ni kununua kilio (tazama swali la mng'aro mwishoni). Wa 1985 mnunue ukishajua unachokitaka, na mnunue aliyekwisha kutolewa kwenye pakiti.

Kwa nini aliyekwisha kutolewa?

Kwa sababu ni nafuu zaidi, na kwa sababu kichezeo cha kugeuka ambacho hakigeuzwi ni picha ya kadibodi. Anayekusanya pakiti zilizofungwa ana hobi yake halali, ila aihamishie mji mkavu: kadibodi ya 1985 haivumilii kaskazi nyingi za Lamu.

Bandia nitaijuaje?

Anza na maandishi. Vichezeo halali huwa na majina ya watengenezaji na nchi kwa herufi ndogo zilizochapwa ndani ya plastiki yenyewe, si kwa stika. Nakala ya bandia mara nyingi hufuta maandishi hayo au huyaacha na kovu. Kisha angalia ukali wa mistari: bandia hutolewa kwa kalibu iliyonakiliwa kutoka kichezeo halisi, na kila nakala hupoteza ukali kidogo, kama chapa ya hina ya siku ya nne. Mwisho, mwambie muuzaji akutumie picha ya mgongo na ya nyayo. Akikutumia picha ya boksi kwa mara ya pili, achana naye.

Kile kibandiko cheusi kinachobadilika ukikisugua ni nini?

Ni nembo ya joto, iliyoingia kwenye vichezeo vya Transformers 1985 kama alama ya uhalali. Ukiisugua kwa kidole, joto la ngozi huitoa sura ya Autobot au Decepticon. Baada ya miaka mingi nyingi zimekufa, kwa hiyo isipofanya kazi si ushahidi wa ubandia. Na mchana wa Februari, Lamu, inaweza kujionyesha bila kuguswa.

## Kumfikisha kisiwani

Nikiagiza nje, nitalipa nini zaidi ya bei?

Forodha huhesabu kwa thamani ya kitu pamoja na usafirishaji na bima, si kwa bei ya kitu peke yake. Juu ya hiyo huja ushuru wa forodha, VAT ya 16% na ada nyingine za uagizaji. Kosa linalowagharimu wengi ni kununua roboti wa bei ndogo kwa usafiri wa bei kubwa: kodi inakwenda na vyote viwili. Jamaa watatu wakiagiza kwa pamoja mzigo mmoja, gharama ya usafiri hugawanyika. Na muuzaji asikudanganye aandike "zawadi" kwenye fomu; likifunguliwa, ni wewe utakayeitwa.

Kinafikaje hadi Lamu?

Kwa basi hadi Mokowe kisha boti, au kwa ndege hadi Manda kisha boti. Kwa vyovyote boti ipo, na boti ina maji. Mwambie anayekutumia aweke kichezeo kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya boksi, si boksi ndani ya mfuko. Boksi la nje likilowa, mfuko wa ndani ndio unaookoa. Mpokezi wako gatini asiliache juani huku akisubiri punda. Kama wewe uko Malindi, haya mawili ya mwisho yaruke.

## Hewa ya chumvi

Plastiki haipati kutu. Kwa nini mnaogopa bahari?

Plastiki haipati, lakini skrubu, vipini vya viungo na springi ni vya chuma. Chumvi ya hewani hutua juu yake, hunyonya unyevu, na kutu huanza mahali usipopaona. Utaitambua kwa alama ya kahawia kuzunguka tundu la skrubu, au kiungo kilichokuwa laini kikaanza kusaga. Kutu ikishavimba ndani ya tundu, inaipasua plastiki kutoka ndani. Nyumba iliyoko mbele ya bahari hupata tatizo hili mapema kuliko iliyo ndani ya mitaa. Nyumba mbili za kati tu huleta tofauti.

Naweza kumweka kwenye kidaka?

Zidaka ndizo kabati nzuri kuliko zote walizowahi kubuni watu wa mji huu, na roboti akikaa pale penye sahani za kale za nyanya yako anapata hadhi ambayo Hasbro hawakumpangia. Lakini kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa: hupumua, hunyonya unyevu na kutoa chumvi yake polepole. Usimwegemeze ukutani. Weka kipande cha ubao au kigae chini yake, acha upana wa vidole viwili nyuma, na uchague kidaka kisichopigwa na jua la asubuhi. Vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu vitie ndani ya kasha ukimfunika. Vikishajaa unyevu havisaidii mpaka vikaushwe.

Sehemu nyeupe zimegeuka manjano. Ni moshi wa ubani?

Ubani huacha utando unaotoka kwa sabuni. Umanjano usiotoka ni plastiki yenyewe: mwanga wa jua, hasa miali ya urujuanimno, na hewa huibadilisha ABS, na dawa za kuzuia moto zilizochanganywa kwenye baadhi ya plastiki za zamani huharakisha. Seaspray anaonyesha haraka kwa kuwa ana nyeupe nyingi.

Wako wanaoirudisha kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Hufanya kazi, na kwa jua letu hufanya kazi upesi mno. Ukizubaa kipande hutoka na mabaka. Tenganisha vipande kwanza, ondoa chuma chote, usiguse stika wala mng'aro, na uvae glavu. Pia jua kwamba umanjano unaweza kurudi. Mimi humwacha na umanjano wake.

Namsafishaje?

Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni laini, mswaki wa mtoto. Ikiwa maji ya kisima chako yana ladha, tumia ya kunywa. Stika usizilowanishe. Mkaushe kivulini akiwa nusu amegeuzwa ili maji yatoke kwenye mikunjo, kisha mpulize matundu ya skrubu.

## Wasemayo wasionunua

Shekhe, hii si sanamu?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, nami hulijibu kwa adabu. Wanavyuoni wana kauli zao juu ya sanamu, na wana mjadala wao mahsusi juu ya vichezeo, ambao hutaja hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, na vichezeo vyake, akiwemo farasi mwenye mbawa. Mimi si mufti wa mtu. Mwenye wasiwasi amuulize mwalimu wake, na ikimtuliza zaidi, amweke Seaspray katika umbo la chombo.

Kwa nini usikusanye mashua za mfano, za kwetu?

Ninazo. Kijahazi cha mkono wa fundi na roboti wa kiwandani havigombanii nafasi. Cha kwanza kinakuonyesha mkono wa mtu mmoja, cha pili kinakuonyesha akili ya watu wengi waliogombana juu ya gharama ya skrubu. Na vijana wanaokuja kumtazama roboti huishia wakiuliza habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Kwa kuwauliza juu ya mwungano nimeshawaanzishia.

Mke wangu atasemaje?

Atauliza bei. Mwambie ya kweli.

## Mambo ya pembeni

Pangaboi moja limevunjika. Bado anafaa kutathminiwa?

Anafaa, ila sema mapema, na usimhukumu mchoraji kwa ajali ya mmiliki. Kinachofaa kuandikwa ni mahali lilipovunjika. Likikatika shinani, kwenye kipini, huenda ni udhaifu wa muundo na wenye wengine waonywe. Likikatika ncha, ni mtoto wa mtu.

Nimechapishiwa pangaboi jipya kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Ni udanganyifu?

Si udanganyifu ukiwa wako na ukisema. Ukimuuza bila kusema, ndiyo. Paka alama ndogo upande wa ndani wa kipande ili hata atakayekirithi ajue.

Wangu ni wa mng'aro, na unabanduka.

Mng'aro ule ni utando mwembamba sana wa chuma uliowekwa juu ya plastiki, na hauna wa kuurudisha nyumbani. Usiusugue, usitumie pombe wala dawa ya kusafishia vioo, usimgeuze tena. Mchague umbo moja akae nalo. Mimi ningemwacha chombo, kwa sababu mikwaruzo mingi hutokea anapokunjuliwa mikono.

Sehemu laini imeanza kunata.

Hiyo ni PVC, aina ya plastiki laini, inayotoa kilainishi chake. Ioshe kwa sabuni, ikauke, na usiifungie tena kwenye mfuko usiopitisha hewa. Itanata tena, utaiosha tena.

Kipya kimetoka kiwandani na mikono miwili ya kushoto. Nirudishe?

Mrudishie muuzaji ikiwa gharama ya posta haizidi kichezeo. Ikizidi, piga picha, mwombe akurudishie sehemu ya fedha, na uandike kwenye tathmini kwamba ni kasoro ya kichezeo chako kimoja, si ya kalibu. Kalibu mbovu utaijua ukiwaona wengine watatu wenye shida hiyo hiyo.

Nataka kumpiga picha ufukweni Shela.

Mpige, lakini juu ya kitambaa au jiwe kavu. Mchanga wa Shela ni laini, na ukiingia kwenye kiungo hukisaga kila ukikigeuza. Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, mpeleke akiwa ameshageuzwa umbo unalolitaka, na umfute kwa kitambaa chenye maji baridi mkirudi. Wakati wa Tamasha la Utamaduni, Novemba, usithubutu kumtoa karibu na mashindano ya punda.

Mimi ninaye Beachcomber. Majibu haya yananihusu?

Karibu yote. Yeye ni wa 1985 hiyo hiyo, saizi hiyo hiyo, chuma kile kile cha kupata kutu. Tofauti yake ni kwamba anageuka kigari cha mchangani, kwa hiyo badala ya pangaboi kagua magurudumu: yazunguke yote manne, na ekseli isiwe na rangi ya kahawia. Swali la kuelea pia ni lako, jibu ni lile lile. Swali la mkuku peke yake ndilo fundi hatakuuliza.